Laptopu imekuwa nzito? Badilisha diski kabla hujaitupa

Jamani, kabla hujaiuza laptopu yako kwa bei ya kutupa, hebu iwashe alafu inamisha sikio pale unapolaza kiganja ukiwa unaandika. Ukisikia tik tik tik au kamkwaruzo, na kile kitaa cha diski kimewaka hakizimi hata dakika tano baada ya kuwasha, basi mara nyingi prosesa yako nzima kabisa, aliyechoka ni diski ya kuzunguka iliyo humo ndani.

Dada yangu ni mwalimu, ana ThinkPad X220, mashine ya 2011. Ilifika mahali akifungua faili la matokeo anaenda kubandika chai, anarudi bado inafikiria. Fundi mmoja akamwambia imekufa hiyo nunua nyingine, na hela ya nyingine hana, kwaiyo akaniletea. Kwenye vifaa vyake nikabadilisha diski tu, hakuna kingine nilichogusa, na mpaka leo anatungia mitihani humo humo.

Sababu ni hii. Diski nyingi za laptopu zinazunguka mara 5400 kwa dakika na kuna kikono kinatembea juu yake kutafuta data, sasa Windows inafungua mafaili madogo madogo maelfu, kikono kinahangaika huku na kule na kasi inashuka mpaka chini ya MB 2 kwa sekunde. SSD, yaani diski ya kisasa ya chipu, haina kinachozunguka, data inafikiwa hapo hapo. Hata laptopu ya SATA 2 (SATA ni njia ya kuunganisha diski na mashine) ambayo mwisho wake kama MB 280 hivi kwa sekunde utaona tofauti siku hiyo hiyo, kwaiyo usikubali kuuziwa SSD ya bei mbaya kisa ina kasi, mashine yako haitaifikia.

Sasa usikimbilie dukani, fungua kwanza uone una nini. Zima, toa chaja, toa betri, alafu bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi umeme uliobaki uishe. Geuza, tafuta kifuniko cha diski, mara nyingi ni skrubu moja au mbili za nyota. Itoe diski uangalie meno yake. Ukiona ndimi mbili bapa, moja fupi moja ndefu, hiyo ni SATA, umeshapona. Ukiona pini nyembamba zimesimama safu mbili hiyo ni IDE ya pini 44, ya zamani zaidi, ntaifikia. Pima na unene pia, maana X220 inakubali ya milimita 7 tu, ya 9.5 haiingii hata ulazimishe, na ukilazimisha utavunja soketi.

Njia rahisi ni SSD ya SATA ya inchi 2.5, unahamisha kifremu cha diski ya zamani na mipira yake, unasukuma, unafunga skrubu, basi.

Ila kuna njia mbili watu wengi hawazijui. Ya kwanza ni mSATA, kakadi kadogo kanakaa pale ilipotakiwa kukaa modemu ya laini ya simu. X220 inayo, iko chini ya kibodi, na uzuri wake unabaki na diski yako kubwa ya zamani kwa ajili ya picha na video huku Windows au Linux inakaa kwenye mSATA. Angalizo, si kila laptopu yenye tundu hilo inasoma mSATA, tundu linafanana kabisa lakini nyaya za SATA hazijafika pale, tafuta modeli yako kamili kabla hujatoa hela. Na usichanganye na M.2, hasa NVMe, ambazo ni kadi za SSD za kizazi kipya zaidi, hizo laptopu za miaka hiyo nyingi haziwezi kuwakia humo.

Ya pili ni kutoa DVD, maana kusema ukweli nani anatumia DVD saivi? Kuna kifremu kinaitwa kedi, unaweka diski ndani kinaingia pale pale. Zipo za milimita 9.5 na 12.7, pima DVD yako na rula. Na hapa nisikilize vizuri: SSD weka kwenye nafasi kuu, diski ya zamani ndo uweke kwenye kedi, kwa sababu kuna laptopu zinakataa kuwaka kutoka upande wa DVD, alafu mtu anadhani SSD ni mbovu kumbe ameiweka pabaya.

Wenye IDE msikate tamaa. Kuna adapta inageuza mSATA kuwa pini 44, inakaa sawa na diski ya kawaida. Wengine wanatumia kadi ya CompactFlash, ile ya kamera za zamani, inafanya kazi, ila zima swapu (sehemu ya diski inayotumika kama RAM ya ziada) maana kadi haipendi kuandikwa andikwa, na Windows XP nyingi zinaiona kama flashi zinakataa kuigawa vipande. Chukua ndogo tu, BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine) nyingi za wakati ule haziwezi kuona zaidi ya GB 137.

Kabla ya yote hayo, data! Diski inayolia usiifanyie majaribio na wala usiifomati. Nakili kwanza vitu vya muhimu kwenye diski ya nje. Kama bado nzima, programu ya Clonezilla inahamisha kila kitu ilimradi SSD mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Kama imeanza kuchoka tumia programu ya ddrescue, inaokoa sehemu nzima kwanza ndo inarudia zilizogoma.

SSD ikifika ijaribu kwa programu ya H2testw au F3 kabla hujaweka kitu, zipo feki zinazoandikwa 1TB ndani hamna hata robo yake, na ukijaza ndo mafaili yanapotea.

Mwisho ingia BIOS uweke AHCI (namna mashine inavyoongea na diski ya SATA) kabla ya kupiga Windows upya, ukibadilisha baadaye inaweza kugoma kuwaka. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 2025 na 11 haizikubali mashine hizi rasmi, kwaiyo ya dada nimempigia Linux Mint ya Xfce, toleo jepesi, LibreOffice ya kuandikia imo tayari, na mafaili yake ya Word yalifunguka siku hiyo hiyo.