SOMO: Jinsi ya kutafuta na kuorodhesha makaburi ya watu maarufu wa mtaani kwenu hapa Dar

Wadau salaam. Wengi mmeulizia hili somo, hasa baada ya wadau kubishana nani maarufu kazikwa wapi, kwaiyo leo naliweka lote hatua kwa hatua afu maswali yatafuata chini.

Kabla ya hatua niseme kwanini hii kazi ni ya haraka. Mwaka 1968 kulikuwa na barabara mpya inatakiwa ipite kwenye makaburi ya zamani ya Ocean Road, ikabidi makaburi 660 ya wanajeshi wa Vita Kuu ya Kwanza yahamishwe kupelekwa barabara ya Bagamoyo, ndo yale makaburi ya vita mnayoyaona pale na nyasi zake zimekatwa vizuri. Sasa waliokuwa na alama zenye majina walihamishwa kila mtu na jiwe lake, lakini Waafrika Wakristo, Waislamu na wale wasio wa dini hizo mbili toka mwanzo hawakuwekewa alama ya mtu mmoja mmoja, kwaiyo wakazikwa upya kwenye makaburi ya pamoja. Walipigana vita ileile, wakafia mji uleule, ila hakuna mjukuu anayeweza kusimama pale akasema babu yangu ni huyu hapa. Hiyo ndo hasara ya kutoandika, na sisi sa hivi tunaifanya hukuhuku mitaani kwetu, makaburi ya Kinondoni yamejaa, ya Kisutu yamebanana, misalaba ya chuma inang'olewa ikauzwe skrepa, na wazee wanaojua nani kalala wapi wanaondoka.

HATUA YA 1: Chagua eneo moja, dogo
Usianze na Dar nzima. Chukua makaburi ya karibu na kwenu, Sinza, Tambaza, Mwananyamala, Chang'ombe, popote, maliza hapo kwanza. Na kabla hujaenda kokote kaeni mkubaliane nani anaitwa maarufu. Mimi naona asiwe wa kwenye tv tu. Mwalimu aliyefundisha nusu ya mtaa, mkunga wa zamani, kipa wa timu ya mtaa, aliyechimbisha kisima cha kwanza, hao wote waingie, tena hao ndo waanze maana hakuna gazeti lililowaandika. Kanumba wa filamu hatapotea, ana watu wake.

HATUA YA 2: Tenganisha alipofia, alipoagwa na alipozikwa
Hapa ndo orodha nyingi zinaharibika. Dar ni mji wa kusafirisha, mtu anaishi hapa miaka 40, anaagwa hapa na mji mzima, afu anapelekwa kwao. Mzee Reginald Mengi, mfanyabiashara, aliagwa ukumbi wa Karimjee 2019 lakini kazikwa Machame, Kilimanjaro. Ruge Mutahaba wa Clouds Media mwaka huohuo naye aliagwa Karimjee, kazikwa Bukoba. Watu wanakumbuka ile foleni ya kuaga basi wanaamini kaburi liko hapa.

Mtego mwingine ni majina ya sehemu. Mzee Muhidin Gurumo, mwanamuziki wa dansi, alifariki Aprili 2014 hapahapa Muhimbili, na ukisoma kwamba kazikwa Masaki unaweza kwenda kuzunguka Masaki ya mabalozi mpaka jioni, kumbe ni kijiji cha Masaki, Kisarawe, mkoa wa Pwani. Kwaiyo kila jina la sehemu liandike na wilaya yake.

HATUA YA 3: Ongea na wazee kabla ya magazeti
Nenda na daftari, sio simu mkononi muda wote, wazee wengine ukiwaelekezea simu wanafunga mdomo. Usiulize "unamjua nani maarufu kazikwa hapa", atakwambia hajui. Muulize mazishi makubwa anayoyakumbuka yalikuwa ya nani, jeneza lilipita njia gani, nani aliswalisha au nani aliongoza ibada. Kwa Waislamu kuna swali moja la dhahabu: NANI ALIINGIA KABURINI? Wale wawili watatu walioshuka kumpokea maiti na kumlaza kwenye mwanandani (ule upenyo wa ndani ya kaburi) hawasahau mahali, hata kama hakuna jiwe wala kibao watakupeleka mpaka kwenye mti. Kwa Wakristo tafuta aliyesimamia kujengea kaburi, yule aliyenunua marumaru na kumlipa fundi, naye anajua kila kitu mpaka kwanini tarehe imekosewa pale juu. Wazee wa kanisa, shekhe wa msikiti wa jirani, mjumbe, wachimba makaburi, wote hao watembelee. Wachimbaji hasa, wanajua kuliko ofisi yoyote.

HATUA YA 4: Hakiki
Ukishapata jina na tarehe hata ya kukadiria, nenda Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi uombe magazeti ya siku mbili tatu BAADA ya mazishi. Ya siku ya kifo yanasema "anatarajiwa kuzikwa" na ratiba hubadilika. Kwa watu wa enzi za TAA na TANU, vyama vya kudai uhuru, kuna Nyaraka za Taifa Upanga, na pia mkusanyo wa Afrika Mashariki kwenye maktaba ya Chuo Kikuu Mlimani. Sheria yangu ni vyanzo viwili visivyotegemeana, mzee mmoja na gazeti, au wazee wawili wa nyumba tofauti. Ukiwa na kimoja andika INASEMEKANA, sio dhambi, ila usiandike kama umethibitisha.

HATUA YA 5: Ruhusa
Serikali ya mtaa, msimamizi wa makaburi, na familia ikiwepo. Basi. Ukienda na barua hata fupi yenye muhuri wa mtaa hakuna atakayekusumbua.

HATUA YA 6: Siku ya kwenda
Asubuhi, viatu vya kufunika, mwenzio awepo, maana makaburi mengi yana vioo na vichaka na vibaka wengine wanashinda humo. Ukikuta mazishi yanaendelea, shughuli yako imeisha kwa siku hiyo, jiunge nao uzike. Kila kaburi piga picha tatu: ya mbali ionyeshe mti au ukuta au njia, ya karibu, na ya maandishi. Maandishi yakiwa yamefifia subiri jua la pembeni, saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni herufi zinajitokeza zenyewe kwa kivuli, au nyunyizia maji safi kidogo. Usipake chaki, usisugue na brashi ya waya, usimwage tindikali, unamaliza jiwe. Afu simama kwenye miguu ya kaburi (usikanyage juu jamani) uhifadhi lokesheni kwenye ramani ya simu, zile namba ziandike pia kwenye daftari maana simu zinaibiwa.

HATUA YA 7: Andika
Jina kamili, jina la utani au la kisanii (wengine mtaa unalijua hilo tu), kuzaliwa, kufariki, kuzikwa, makaburi gani na upande gani, nani kakwambia, lini, na hali ya kaburi. Mwisho sentensi tatu nne alifanya nini.

Mfano wa jinsi inavyokaa:

KINONDONI. Steven Kanumba, muigizaji, alifariki 7 Aprili 2012, akazikwa tarehe 10. Kingunge Ngombale-Mwiru, mwanasiasa, alifariki 2 Februari 2018. Adam Kuambiana na Recho Haule, wote wa filamu, wote Mei 2014, mwezi mmoja tu. Na hapohapo Kinondoni walizikwa Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, aliyeuawa kwa bomu la kwenye kifurushi hapa Dar 3 Februari 1969, na Josina Machel, mpigania uhuru mwenzake, aliyefariki 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25. Angalieni hiyo tarehe, siku ileile na Kanumba, ukienda Kinondoni tarehe 7 Aprili kumuombea mmoja kumbuka na mwenzie.

KISUTU. Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU 1954, alifariki Oktoba 1968. Mdogo wake Ally Sykes, naye muasisi, Mei 2013. Sajuki wa Bongo Movie, Januari 2013. Mtu anapita pale kila siku na daladala na hajui kwamba historia ya uhuru imelala nyuma ya ule ukuta.

TAMBAZA. Sheikh Yahya Hussein, mnajimu, Mei 2011.

SINZA. Dk Remmy Ongala, mwanamuziki, alizaliwa Kongo 1947, akawa Mtanzania na kiongozi wa bendi ya Super Matimila, alifariki Desemba 2010.

MADALE. Mzee Rashidi Kawawa, simba wa vita, alifariki 31 Desemba 2009. Yeye hayuko makaburi ya umma, kazikwa kwenye eneo la familia, kwaiyo hapo ruhusa ya familia ni lazima.

Ukimaliza toa nakala. Moja serikali ya mtaa, moja shule ya karibu, moja msikitini au kanisani, yako ibaki. Usiiache kwenye simu tu.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Tandika: Mkuu asante kwa somo. Bibi yetu alikuwa mwimbaji wa taarabu miaka ya sabini, kaimba harusi za Temeke yote, lakini hana kaseti hata moja wala gazeti. Anaingia?

Jibu: Anaingia wa kwanza kaka. Tafuta bibi harusi wawili watatu aliowaimbia, wapo, wana miaka sitini sabini sa hivi. Waulize beti wanazozikumbuka na uziandike hizo beti kwenye ukurasa wake, maana zikiondoka na wao hakuna pengine pa kuzipata.

Mdau wa Magomeni: Shekhe wetu anasema kuandika jina juu ya kaburi haifai na kujengea haifai. Sasa hii orodha sio kwenda kinyume?

Jibu: Hugusi kaburi kabisa, wala huweki kibao. Unaandika kwenye daftari na kuhifadhi lokesheni, kaburi linabaki na udongo wake kama lilivyo. Tena hii njia ndo inafaa zaidi kwetu Waislamu kwa sababu hatujengei, tusipoandika pembeni ndani ya vizazi viwili hamna anayejua. Ila kaa na shekhe umuelezee kabla, mpe heshima yake, usimfanye asikie kwa watu.

Dada wa Mbagala: Mimi ni mwanamke, nataka kushughulikia Kisutu. Naruhusiwa?

Jibu: Dada yangu hapo wanazuoni wana mitazamo tofauti na wasimamizi nao hivyohivyo, muulize msimamizi wa pale kabla hujafika getini. Ukiambiwa ndio, jistiri, nenda asubuhi siku isiyo na mazishi. Ukiambiwa hapana, chukua kazi ya hatua ya 3 na ya 4, ndo kubwa zaidi, na kwa bibi zetu wewe utafunguliwa milango ambayo sisi wanaume tunaishia barazani.

Mdau wa Kijitonyama: Lakini Mondlane si yuko Maputo? Mbona umemweka Kinondoni?

Jibu: Yuko Maputo ndio, yeye na Josina wote walihamishwa baada ya Msumbiji kupata uhuru 1975, wamelazwa na mashujaa wenzao. Kwenye orodha unaandika "alizikwa hapa 1969, mabaki yamehamishwa". Usimfute. Dar ilikuwa ndo nyumba ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na hiyo ardhi ya Kinondoni ni sehemu ya hiyo habari hata kama mwili haupo.

Mdau wa Goba: Kwetu kuna makaburi ya familia na tumesikia barabara inapita. Haya yakiondolewa tunafanyaje?

Jibu: Kuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, serikali ikitaka eneo kwa kazi ya umma inatakiwa itoe tangazo kwanza, haivamii tu. Sasa tangazo likitoka ninyi mnatakiwa muwe tayari mnajua makaburi mangapi, ya nani, wapi. Fanyeni orodha WIKI HII, kila kaburi na picha na shahidi mmoja wa ukoo anasaini, mpelekeni mwenyekiti wa mtaa aipige muhuri. Rudini mkasome habari ya Ocean Road hapo juu, wenye majina walihamishwa kwa majina.

Mdau wa Kunduchi: Kuna makaburi ya zamani sana huku kwetu, yana minara na sehemu za sahani za kichina, nayo tuyaingize?

Jibu: Yale ni magofu ya Kunduchi, yako chini ya Mambo ya Kale, idara ya serikali. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vilivyojengwa kabla ya 1863 kwaiyo usichimbe, usiokote hata kigae. Kupiga picha uliza wahusika pale. Ila kuna kazi mnaweza kufanya ninyi wenyeji na sio mtu mwingine: wazee wa Kunduchi wanaodai ukoo wao unatokea pale, kaeni nao mchore ukoo mpaka jina la mwisho wanalolijua.

Mdau wa Sinza: Nilienda nikaambiwa nitoe elfu kumi ndo nionyeshwe kaburi. Ni halali?

Jibu: Ada ya kuangalia kaburi mimi siijui na hakikisha mtu anayedai ana kitambulisho na risiti. Ukiwa na ile barua ya mtaa mambo hayo yanapungua sana. Lakini mchimbaji akiacha kazi yake akazunguka na wewe masaa mawili juani, mpe ya maji na chakula kwa moyo wako, na jina lake liandike kwenye orodha kwamba yeye ndo aliyeonyesha.