Kuinuka kitini bila kushika: kulinda miguu ya uzeeni

Mzee akianza kujisukuma kwa mikono kila anapoinuka kwenye kochi, watu husema ni umri. Mara nyingi ni mapaja yamelegea kwa kukosa kazi, na mapaja hupata nguvu tena hata mtu akiwa na miaka 80.

Tafuta kiti kigumu cha mezani, kimo cha sentimita 43 hadi 45, ukiegemeze ukutani. Cha plastiki hakifai. Miguu yake hutanuka kwenye vigae. Kaa nusu ya mbele, nyayo zikiwa chini, visigino nyuma kidogo ya magoti. Kunja mikono kifuani, inamia mbele mpaka pua ifike usawa wa vidole vya miguu, ndipo uinuke. Wengi hukwama hapa: hukaza mgongo wima, uzito ukabaki makalioni, wakarudi kitini puu! Kushuka nako ni zoezi, kwa hiyo shuka polepole ukihesabu moja mpaka tatu. Fanya mara 8 hadi 10, pumzika dakika moja, rudia. Kwa kuanzia, siku tatu kwa wiki zinatosha. Asiyeweza aongeze mto kwenye kiti, au ajisukume kwa mkono mmoja. Mapaja kuuma kesho yake ni kawaida. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, acha, nenda zahanati.

Halafu geuza kiti kielekee ukutani, simama nyuma yake, shika mgongo wake, inua mguu mmoja sekunde 10, kisha wa pili.

Misuli haijengwi kwa chai na mkate. Wazee wengi huacha maharage kwa kuogopa gesi, na nyama kwa kukosa meno. Mwenye kilo 60 anahitaji protini gramu 60 hivi kwa siku, pengine zaidi kidogo. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Dagaa wakisagwa hawahitaji meno. Mwenye maradhi ya figo amuulize daktari kwanza.

Jihadhari na safari za msalani usiku. Anayemeza dawa za presha akisimama ghafla, presha huweza kushuka akaona giza. Akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, achezeshe nyayo. Tochi ilale kando ya mto. Kandambili zilizolika soli zitupwe, zisigeuzwe za bafuni kama ilivyo desturi.