Kabla ya kukikaribia kiota na kamera

Ukienda kupiga picha katika ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyotangazwa mwaka 2000 kuwa eneo la kwanza nchini Tanzania chini ya Mkataba wa Ramsar, yaani mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mkaribie korongo domo-kiatu kwa subira, na akiacha kuvua akakukazia macho, simamisha mtumbwi papo hapo, kisha rudi nyuma taratibu. Kiotani uangalifu huo unahitajika mara dufu, kwa sababu jua linapochoma ndege huyu hubeba maji mdomoni na kuyamwagia mayai au kinda lake ili joto lipungue, hivyo anayemfukuza adhuhuri huliacha kinda likiteseka. Usifyeke matete yanayokuzuia kuona, kwani hayo ndiyo yanayokificha kiota. Nimewahi kuonyeshwa picha safi mno ya kinda lililoachwa wazi juani, na mabua yaliyokatwa upya yakionekana pembeni, sikuweza kuifurahia. Sauti zilizorekodiwa za kuwaita ndege, ziache kabisa msimu wa kuzaliana. Kabla ya kuirusha picha mtandaoni, ondoa taarifa za mahali ilipopigwa, maana wanaotafuta makinda ya kuuza nao huziangalia.