Somo: Kupita Chalbi na trela dogo, na namna ya kutafuta pa kulala

Njia ya jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, kutoka Marsabit, Maikona, Kalacha, North Horr hadi Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, imesifiwa vya kutosha. Uzuri utauona mwenyewe. Mimi nina la kusema kuhusu trela tu, kwa sababu gari likiwa peke yake hujinasua mahali ambapo gari lenye mkia hulala hapo hapo.

1. Mwezi kwanza. Chalbi ni ziwa la kale lililokauka, na mvua za masika au vuli zikishika hutaka kuwa ziwa tena. Nenda Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Usidanganywe na jua lililo juu yako: mvua ikinyesha kule Marsabit au Mlima Kulal, laga, yaani mito mikavu, hujaa na wewe hujaona wingu.

2. Marsabit. Hapa ndipo unapoiacha lami. Jaza tangi na jerikani, kwani huko mbele mafuta huuzwa kwa mitungi na bei hupangwa na muuzaji. Maji nabeba lita 10 kwa mtu kwa siku. Pita kituo cha polisi uulize hali ya usalama. Ukiambiwa subiri, subiri. Kisha punguza upepo wa tairi. Mimi hushuka hadi psi 25 kwenye changarawe, psi 18 mchangani. Za trela pia! Watu huzisahau, halafu wanashangaa sufuria zimefunguka zenyewe.

3. Matuta ya bati, yaani mikunjo ya barabara inayotikisa gari kama unapita juu ya bati. Kila nusu saa simama, shuka, gusa kitovu cha kila gurudumu la trela kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu si neno. Safari yangu ya pili, cha kushoto kiliniunguza. Kutazama, nati mbili hazipo na ya tatu naizungusha kwa vidole. Tangu siku hiyo spana haikai sandukuni, inakaa chini ya kiti changu.

4. Kutafuta pa kulala. Anza saa kumi jioni, usingoje jua lizame. Liache trela kwenye ardhi ngumu, utangulie kwa miguu.

Piga kisigino chini kwa nguvu. Chalbi ina ganda jeupe la chumvi, kavu kama mkate wa jana, na chini yake tope. Ganda likivunjika na kisigino kikatoka na unyevu, geuka. Mimi nilipuuza mara moja nikachimba kwa saa nne, hadi vijana waliokuwa na ngamia wao walipokuja kunisukuma huku wakicheka. Walikuwa na haki ya kucheka.

Kisha tazama vichaka: ukiona majani makavu na vijiti vimenasa kwenye matawi usawa wa kiuno, maji yalifika hapo. Tazama nyayo pia. Njia za mbuzi na ngamia zikikutana, kuna kisima karibu, nawe utaamshwa alfajiri na mifugo mia. Kisima kina zamu na wenyewe. Kaa mbali nacho.

La mwisho, utatokaje? Kama huwezi kuzunguka bila kurudi nyuma, hapo hapakufai, hata mandhari iwe ya peponi.

Ukiona boma, nenda usalimie na uombe. Wagabra, wafugaji wa huko, hawana shida na mgeni anayebisha hodi.

Maswali ya wanachama

*Kaka, gari langu si la kuvuta magurudumu manne. Nijaribu?*
Na trela, hapana. Ipo barabara iliyotengenezwa kutoka Laisamis kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo; ni changarawe, ila imara zaidi. Fika Ziwa Turkana kwa njia hiyo, uiache Chalbi.

*Shikamoo. Loiyangalani hema letu lilipasuka usiku. Tulikosea wapi?*
Marahaba, mwanangu. Upepo wa kule hutoka kusini-mashariki na huzidi usiku. Mitambo 365 ya umeme wa upepo haikuwekwa kule kwa urembo. Elekeza pua ya trela kwenye upepo, mlango uwe upande wa pili, na hema ulifunge kwa mawe, maana vigingi havishiki. Mawe meusi hayakosekani, na hayo hayo hukata tairi ubavuni, kwa hiyo beba spea mbili.

*Tunaweza kulala ufukweni kabisa mwa Turkana?*
Ziwa lina mamba, dada. Panda juu kidogo.

*Na kuni?*
Usikate chochote. Mikoma ya Kalacha ni kivuli, ni makuti ya nyumba, ni mikeka. Nenda na jiko la gesi, na asubuhi kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Ng'e hupenda joto la kiatu kuliko wewe.