Meza ya Tanga 1914: anza na reli, nyumba baadaye

Nimekulia Ngamiani, mtaa wa mji wa Tanga, kwa hiyo meza yangu ya kwanza ya mchezo wa vita, unaochezwa kwa vinyago vya askari juu ya meza, ilikuwa ya Tanga, Novemba 1914, pale jeshi la Uingereza na India, watu kama 8,000, lilipoteremka Ras Kasone na kuzuiwa na askari kama 1,000 wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Nilitengeneza nyumba nzuri, mbele yake nikaacha uwanja mtupu. Zamu ya tatu mchezo ukaisha. Bombomu zilifagia kila aliyesogea.

Vita ile iliamuliwa na ardhi. Kabla hujakata boksi la nyumba, tengeneza reli. Ilipita ndani ya mtaro uliochimbwa kati ya mashamba na mji. Usiitoboe meza: inua pande zote mbili kwa povu gumu (foam) la unene wa sm 4, acha katikati nafasi ya sm 10. Kinyago cha askari cha urefu wa mm 28 kikisimama mle, kichwa chake hakionekani.

Kisha mashamba ya minazi na mpira. Toka pwani hadi relini, jaza miti robo tatu. Kwa kipimo cha vinyago hivyo, mnazi wa mita 20 ungekuwa na sm 36 mezani, nao utaangushwa na kiwiko kila dakika. Sm 18 zinatosha kabisa. Shina ni kijiti cha mshikaki kilichozungushiwa uzi wa katani. Gundisha mitatu mitatu kwenye CD mbovu, uweze kuisogeza vikosi vikipita. Asiwepo anayeona mbele zaidi ya sm 20 akiwa ndani ya miti. Hapo ndipo mchezaji wa upande wa Waingereza anapoanza kupoteza mawasiliano na vikosi vyake, kama ilivyotokea.

Nyumba tano zatosha. Mbili ziwe za ghorofa, kuta nyeupe za chokaa na veranda, maana waliofanikiwa kuingia mjini waliteka forodha na hoteli. Nyingine ziwe za udongo na fito, paa la makuti. Mlango usipungue sm 4, na paa lifunuke, la sivyo hutaweza kupigania ndani. Kwa paa la bati, lowanisha boksi lenye mawimbi membamba, chuna karatasi ya juu taratibu kwa kidole gumba, liache likauke, lipake kijivu na kutu kidogo kingoni. Nakuhakikishia hutanunua paa tena.

Na nyuki usiwasahau. Waliwauma wa pande zote mbili. Mizinga ya nyuki ni vipande vya kijiti vya sm 2, vifungwe mitini kwa uzi. Mimi naweka sita, miwili tu ndiyo ina alama nyekundu chini, na hakuna anayeruhusiwa kuigeuza mpaka risasi zipigwe karibu yake.