Kabla hujaingia chuo cha unesi, ulizia gredi zao kwanza

Matokeo ya fomfoo yakitoka simu yangu haitulii, mara mama wa Kiborloni mara baba wa Pasua, mtoto kapata C ya Baiolojia na D za Kemia na Fizikia anataka unesi, na wote wanaulizia ada tu. Ada ni muhimu sikatai, ila naomba sana kabla hujalipa ulizia na gredi, maana ndo zinazowarudisha watoto nyumbani na hakuna anayewaambia mapema.

Iko hivi, fomfoo D inaanzia 30, C 45, ukipata 75 tayari una A. Ukiingia cheti cha uuguzi, zile ngazi ya 4 na 5 za NACTVET (baraza la taifa la elimu ya ufundi), C inaanzia 50 na A inaanzia 80. Yani 47 yako iliyokuwa C shuleni, kule haikuvushi. Mtoto anafika anasoma kwa mwendo uleule wa sekondari, anakuja kushtuka semista imeisha. Na sio kwetu tu, Marekani vyuo vingi vya unesi ukiwa chini ya 75 umefeli, vingine wanataka 78, na 74.9 hawakusogezei.

Halafu CA, yani maksi za testi na kazi za semista kabla ya mtihani wa mwisho, hapa naomba unisikilize vizuri. Chuo nilichosoma mimi CA ilibeba 40 na mtihani wa mwisho 60. Testi mbili za mwanzo za Anatomia nilizichukulia poa, nikaingia mtihani nikiwa na 16, maana yake nilihitaji 34 kwenye ile 60 ili nifike 50. Nikapata 32. Kwa maksi mbili wenzangu wakaenda likizo mimi nikabaki na sapu, yani mtihani wa kurudia, na hela ya sapu mama alikopa kwenye kikoba. Kwa iyo kila testi ikirudi andika maksi zako nyuma ya daftari, jumlisha, ujue unadaiwa ngapi. Uliza pia kama lazima ufaulu CA peke yake ndo uruhusiwe mtihani, sapu ngapi zinakurudisha mwaka, na lini mtu anadisko, yani anaondolewa chuo kwa kufeli.

Hesabu usiziache ukidhani umeachana nazo. Mgonjwa kaandikiwa dripu lita 1 iishe kwa masaa 8, seti yako ya mrija inatoa matone 20 kwa mililita, unaweka matone mangapi kwa dakika? 1,000 mara 20 ni 20,000, masaa 8 ni dakika 480, ukigawanya unapata 41 na ushee, unaweka 42. Nimeona mwanafunzi anagawanya kwa 8 anapata 2,500 na anaandika hivyohivyo, hajiulizi matone 2,500 kwa dakika moja yanapitaje kwenye ule mrija. Hiyo sio maksi tu jamani, huyo ni mtu kitandani. Hii miezi ya kusubiri chuo, mtoto arudie kugawanya, desimali, na kubadili gramu kwenda miligramu, bila kikokotoo.

Vitendo navyo vina maksi zake, mwalimu anasimama na karatasi anatiki hatua kwa hatua, umenawa mikono, umeuliza jina la mgonjwa, umeangalia dawa inaexpaya lini. Ukiruka hatua nzito hata ungekuwa unaongoza darasa unarudia. Sare, saa ya mshale wa sekunde, sweta la baridi ya Julai, hivyo vinanunulika taratibu.

Na ukimaliza chuo bado kuna mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa iyo usisome kwa kubahatisha kuvuka semista.

Siku unaenda kuchukua fomu, kabla ya kutoka pale ofisini omba kanuni za mitihani, piga picha kurasa zote za gredi, usiku kaa na mzazi mzisome pamoja.