Kabla ya Kulala Kando ya Mto Ruaha na Watoto: Mambo ya Kuzingatia

Familia nyingi zinazopanga kupiga kambi Hifadhi ya Taifa ya Ruaha huanza na vitu: hema, magodoro, jiko, masufuria. Ushauri wangu ni kwamba muanze na usiku. Mchana mtakuwa ndani ya gari na mambo mengi yatakwenda yenyewe. Magharibi ikiingia, gari limezimwa, kambi haina uzio, na hatua chache kutoka hapo ni Mto Ruaha Mkuu, ambao wanyama wa eneo zima huutegemea kiangazi. Kabla ya kufungasha chochote, mzazi ajiulize: mtoto akiamka saa nane za usiku akitaka kwenda haja, tutafanyaje?

Jibu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Nunueni poti, au ndoo ndogo yenye mfuniko, ikae ndani ya hema. Choo cha kambi ni cha mchana na cha jioni kabla ya kulala; watoto wote waende pamoja, wakisindikizwa na mtu mzima mwenye tochi. Baada ya hapo hakuna anayefungua zipu peke yake, mkubwa wala mdogo. Mtu mzima akilazimika kutoka, kwanza amulike kupitia wavu wa dirisha, azungushe mwanga taratibu na kutazama kama kuna macho yanayong'aa, kisha asikilize. Kila mmoja awe na tochi yake, na kwa wazazi nashauri ya kuvaa kichwani ili mikono ibaki huru kumbeba mtoto.

Hema liwe na sakafu iliyoshonwa pamoja na kuta, na zipu zake zikaguliwe nyumbani. Watoto wadogo walale kati ya wazazi. Kuwaweka kwenye hema lao peke yao si jambo la safari ya kwanza. Lisimamisheni uani siku chache kabla, mlale humo usiku mmoja. Mtoto atazoea giza na sauti ya kitambaa kikipigwa na upepo, nanyi mtajua mapema kama vigingi vimepungua.

Msimu unaowafaa wenye watoto ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Mvua za Ruaha huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na kipindi hicho baadhi ya njia huwa matope matupu. Kiangazi nyasi ni fupi, mbu wamepungua, na wanyama wanasogea mtoni. Ila mto wenyewe una historia ya kusikitisha ambayo mgeni anapaswa kuifahamu. Zamani ulitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika kila kiangazi, kwa sababu maji mengi huchepushwa huko juu katika bonde la Usangu kwa kilimo, hasa cha mpunga, na ardhioevu ya Ihefu inayoulisha mto hubaki na maji machache. Ndani ya hifadhi yanasalia madimbwi. Viboko na mamba husongamana humo, na tembo huchimba mchanga kutafuta maji chini. Waelezeni watoto jambo hili. Wanaelewa kuliko tunavyowadhania, na watautazama mto kwa heshima.

Heshima hiyo inahitajika, maana mto uliokauka unadanganya. Mchanga mpana unawaita watoto wakacheze, na dimbwi la kufika magotini linaonekana halina kitu. Mamba hahitaji kina kirefu. Simba nao hupita kwenye mchanga uleule. Sheria iwe moja na isiwe na mjadala: watoto hawashuki mtoni, hata kunawa mikono. Isemwe nyumbani, irudiwe getini, irudiwe kambini.

Kiboko ndiye anayeamua hema likae wapi. Hutoka majini giza likiingia, huenda kula majani mbali na mto, kisha hurudi kabla ya mapambazuko, kwa kawaida akifuata njia zake zilezile. Njia hiyo inatambulika: mifuo miwili sambamba yenye tuta jembamba katikati. Mkiiona, sogeeni mbali nayo, maana ubaya wa kiboko hujitokeza anapokuta mtu amesimama kati yake na maji. Angalieni juu pia. Mwegea huangusha matunda yenye uzito wa kilo kadhaa. Mkababu una kivuli kizuri cha kiangazi, lakini maganda yake ni chakula kitamu kwa tembo, na tembo hatauacha mti kwa sababu ninyi mmelala chini yake. Kabla ya kupigilia kigingi cha kwanza, muulizeni askari wa uhifadhi ni wapi wanyama wamepita siku hizo. Anajua, na atafurahi kuulizwa.

Chakula kilale ndani ya gari lililofungwa vioo. Ndani ya hema kisiingie kitu chochote chenye harufu, hata biskuti ya mtoto au dawa ya meno. Machungwa, maembe na ndizi huwavuta tembo; mimi ningeviacha kabisa nyumbani. Nyani na tumbili hufanya kazi yao mchana, kwa hiyo hema lifungwe hata mkiwa mmekaa hatua tano kutoka hapo. Fisi hubeba viatu na sufuria zisizooshwa. Pikeni mapema, mle, muoshe vyombo na kufunga kila kitu kabla ya saa 12 jioni. Jiko dogo la gesi linafaa kuliko moto wa kuni, na kuni za hifadhini si za kuokota.

Maji chukueni Iringa mjini. Kwa watu watano kwa siku tatu, madumu manne ya lita 20 yanatosha kunywa na kupika, bila kuhesabu ya kuoga.

Kutoka Iringa hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 130, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya barabara hiyo imekuwa ya vumbi. Jazeni tenki mjini, mkague tairi la akiba na jeki. Ondokeni mapema mfike mchana, kwa kuwa kuendesha gari usiku ndani ya hifadhi hakuruhusiwi bila kibali maalumu. Mkichelewa, laleni Tungamalenga, kijiji kilicho njiani kabla ya geti, na muingie kesho yake. Getini hakupokelewi fedha taslimu; pateni namba ya kumbukumbu ya malipo mapema, mlipie kiingilio na kambi. Mtoto wa chini ya miaka 5 haingii kwa malipo, na wa miaka 5 hadi 15 ana kiwango chake, hivyo bebeni vyeti vya kuzaliwa. Mwachieni ndugu mmoja ratiba yenu na siku ya kurudi, maana mtandao wa simu si wa kutegemea.

Mbung'o wanastahili aya yao. Huuma mchana, hupenyeza mdomo kwenye nguo, hufuata gari linalotembea, na dawa ya kufukuza mbu haiwasumbui sana. Huvutiwa na rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sare ya shule ya buluu ibaki nyumbani. Vaeni kaki au rangi ya udongo, mikono mirefu, kitambaa kizito kidogo. Kwa mbu wa usiku, kuna chandarua na dawa ya kujipaka. Familia zinazotoka nyanda za juu ambako malaria ni haba zimwone daktari kabla ya safari kuhusu dawa za kinga, hasa kwa watoto wadogo na mama mjamzito.

Sanduku la huduma ya kwanza liwe na kipimajoto, parasetamoli ya watoto, chumvi za kurudisha maji mwilini (ORS) kwa anayeharisha, bandeji na dawa za kila siku za wenye maradhi ya kudumu. Viatu vikung'utwe kila asubuhi kwa ajili ya nge. Mtu akiumwa na nyoka msichanje, msinyonye, msifunge kamba kwa kukaza. Mvueni pete na bangili, mguu au mkono utulizwe usitikisike, na safari ya hospitali ianze mara moja. Hapo ndipo utaona umuhimu wa kubakiza mafuta ya kufika Iringa.

Takataka zote zirudi nanyi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo wekeni ndoo moja yenye mfuniko kwa kazi hiyo.

Mkisharudi, andikeni tarehe za safari mahali mtakapoziona. Malaria huweza kujitokeza wiki moja, mbili au zaidi baada ya kuumwa na mbu. Mtoto akipata homa ndani ya miezi michache, mpelekeni kupimwa siku hiyohiyo, na mmwambie daktari kwamba alilala hifadhini na aliumwa na mbung'o, ili kipimo cha malaria kikionyesha hana, afikirie pia malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o.